Sura ya Tano: Haijaandikwa

Baridi ya Juni mjini Iringa huwafanya wauzaji wa soko la Mlandege wavae makoti juu ya vitenge na kusogeza majiko ya mkaa karibu na miguu. Jioni moja ya baridi hiyo nilisimama kwenye meza ya nyanya na vitunguu ya mama ninayemfahamu siku nyingi. Binti yake wa darasa la nne alikuwa amekaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa, sare bado mwilini, akisoma kwa sauti kipande cha gazeti kilichofungiwa vitumbua. Alisoma vizuri sana. Hakukwama kwenye "halmashauri", hakukwama kwenye "ng'ambo". Penye nukta alishusha sauti, penye mkato akapumua. Wateja wawili waligeuka kumtazama.

"Kamwene, mwalimu," mama yake aliniambia. "Umemsikia? Sasa niambie wewe. Mtoto anayesoma hivi anapataje kumi na moja kwenye hamsini?"

Akachomoa chini ya meza karatasi ya jaribio la Sayansi iliyokunjwa mara nne. Shuleni alikuwa ameambiwa kwamba mtoto hana tatizo lolote, ni mvivu, anapenda kucheza, apelekwe tuisheni. Tuisheni alikuwa anakwenda tangu Machi na alama hazikupanda. Mama hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba alikuwa ameanza kuuamini huo uvivu.

Nikageuza karatasi ile upande wa nyuma, nikaandika sentensi tatu, nikampa binti asome:

Baba alipofungua mlango asubuhi, aliona matope mpaka barazani. Akarudi ndani. Akavua viatu vyake vyeusi, akavaa mabuti.

Alisoma bila kosa. Nikamuuliza baba alivua nini. "Viatu vyake vyeusi." Alivaa nini? "Mabuti." Aliona nini? "Matope mpaka barazani." Majibu yalikuja haraka, kila moja na maneno yaleyale ya kwenye karatasi. Kisha nikamuuliza: "Usiku uliotangulia kulitokea nini?"

Akanyamaza. Akarudi kwenye karatasi, kidole kikapita mstari kwa mstari hadi mwisho, kikarudi juu, kikashuka tena. Alikuwa anatafuta kwa bidii ambayo hakuna mvivu anayo. Mwishowe akainua macho. "Haijaandikwa, mwalimu."

"Si mvua, jamani!" mama yake alisema huku akimpimia mteja sado la viazi. Binti alimtazama mama yake kwa mshangao wa kweli. Mvua? Mvua iko wapi hapa?

Sura hii inamhusu mtoto wa aina hii. Yuko karibu katika kila darasa nchini, na ni vigumu kumwona kwa sababu anajificha mahali tunapopaangalia tukiwa na furaha: kwenye sauti yake nzuri.

*

Kiswahili ni lugha yenye huruma kwa anayejifunza kusoma. Herufi husemwa kama ilivyoandikwa. Mtoto akizijua irabu tano, akajua kuziunganisha na konsonanti kuwa silabi, anaweza kutamka neno ambalo hajawahi kulisikia maishani. Mtoto wa Kiingereza huteseka miaka kadhaa na maneno yasiyotamkwa kama yalivyoandikwa. Wetu, akifundishwa vizuri, huvuka kizingiti hicho mapema. Ni neema, lakini ndani yake kuna mtego, na nitakuonyesha mtego huo kwako wewe mwenyewe. Soma sentensi hii:

Chemune alimnyezulia mlondezi kitovezi mpaka kikazemuka.

Umesoma bila kukwama. Sasa jibu. Nani alinyeza? Hapana, soma vizuri: nani alimnyezulia mlondezi? Chemune. Alimnyezulia nini? Kitovezi. Nini kilizemuka? Kitovezi. Kwa nini kilizemuka? Kwa sababu Chemune alimnyezulia mlondezi. Umepata alama zote, na hujui hata chembe ya kilichotokea, kwa kuwa maneno hayo nimeyatunga sasa hivi na hayana maana. Sarufi peke yake imekubeba. Binti wa Mlandege alikuwa akiishi ndani ya sentensi za namna hiyo kutwa nzima, somo baada ya somo, na hakujua kwamba wenzake wanaona kitu ambacho yeye hakioni. Angejuaje? Mtoto hajui kilichomo kichwani mwa mwenzake anaposoma. Alidhani kusoma ndiko huko.

Mwaka 1986 watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliandika hoja fupi ambayo imebaki msingi wa fani hii hadi leo. Kusoma kwa kuelewa, walisema, ni zao la vitu viwili vinavyozidishwa: uwezo wa kugeuza maandishi kuwa maneno, na uwezo wa kuelewa lugha yenyewe inaposemwa. Neno la kushika hapo ni kuzidisha. Mwenye meza Mlandege anaielewa hesabu hiyo kuliko mwanafunzi wa chuo: hata uwe na madebe kumi ya nyanya, debe lisipokuwa na bei, umezidisha kumi kwa sifuri. Binti yule alikuwa na madebe kumi. Tuisheni ikawa inamwongezea madebe.

Uingereza, watafiti kama Jane Oakhill, Nicola Yuill na Kate Nation wamewafuatilia watoto hawa kwa miongo kadhaa, wale wanaotamka maneno kama wenzao lakini uelewa wao uko nyuma sana. Makadirio yao ni kiasi cha mtoto mmoja kati ya kumi katika umri wa shule ya msingi. Walichokigundua kinafanana sana na nilichokiona kwenye karatasi ya jaribio. Watoto hawa hujibu vizuri maswali ambayo jibu lake limeandikwa, na hupotea kwenye maswali ambayo jibu lake linapaswa kuunganishwa. Wakikutana na sehemu isiyoeleweka hawasimami, kwa sababu hawahisi kwamba kuna kitu kimekatika. Na walimu wao wengi hawajui kwamba wapo.

Nami sikujua. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliwapa watoto alama kwa sauti zao. Nilimsimamisha mtoto mbele ya darasa, akasoma, wenzake wakampigia makofi ya kilo, nikaandika "vema". Wangapi kati yao walikuwa wakinisomea kitovezi, siwezi kuhesabu, na jambo hilo bado linanisumbua.

*

Kama taifa tulikuwa na sababu ya kuishughulikia sauti kwanza. Mwaka 2010 utafiti wa Uwezo ulipopita nyumba kwa nyumba na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, takribani watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kuisoma kwa Kiswahili, na kati ya wale wa darasa la saba, mmoja kati ya watano alikuwa bado hawezi. Mwaka 2012 ikabainika kuwa zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Wengi waliuliza walifauluje mtihani. Mtihani wa kuchagua herufi ya jibu unaweza kumvusha hata asiyejua kusoma. Itakuwaje kwa anayejua kutamka, ambaye hulinganisha neno la swali na neno la jibu na kuweka alama panapofanana?

Nchi ikaitikia. Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ambao sote tunauita KKK, ulianza kutumika darasa la kwanza na la pili mwaka 2015. Mwaka 2016 mradi wa Tusome Pamoja, uliofadhiliwa na Marekani kupitia USAID, ulianza kufanya kazi katika mikoa ya Iringa, Morogoro, Mtwara na Ruvuma, pamoja na Zanzibar. Vitabu vya hadithi vikaletwa, walimu wakapewa mafunzo, na watoto wakapimwa kwa saa: maneno mangapi kwa dakika. Mradi uliofuata ukaitwa Jifunze Uelewe. Nililipenda jina hilo nilipolisikia, kwa sababu neno lililokuwa limekosekana sasa liliandikwa mlangoni. Mwaka 2025 Marekani ikaifunga USAID. Vitabu vimebaki kwenye makabati ya shule, na walimu waliopata mafunzo wako madarasani, na hiyo si hazina ndogo.

Sipingi kuhesabu maneno kwa dakika. Mtoto anayehangaika na silabi hawezi kubaki na nguvu ya kufikiri. Ninachosema ni kwamba saa haimwoni binti wa Mlandege. Kwenye kipimo hicho angekuwa wa kwanza.

*

Kwa hiyo utamtambuaje? Kaa naye, na usikilize mahali anapoteleza. Kiswahili kina maneno madogo yanayobeba mzigo mkubwa, na ndiyo yanayomwangusha.

Chukua "kabla hajafika". Umbo ni la kukanusha, lakini maana yake ni kwamba alifika, baadaye. Mtoto mwenye tatizo hili hushika "hajafika" na kukuambia mtu huyo hakufika kabisa. Au "angeondoka mapema, angelikuta basi": atakuambia basi alilikuta. "Licha ya mvua kunyesha, walicheza" kwake inakuwa walicheza kwa sababu ya mvua. Katika daftari la historia la binti wa Mlandege kulikuwa na sentensi kwamba mwaka 1898 Mkwawa, mtwa (chifu) wa Wahehe, alijipiga risasi badala ya kukubali kukamatwa na Wajerumani. Nilimuuliza Wajerumani walimfanya nini Mkwawa. "Walimkamata," alisema, na kidole kikaenda sawasawa kwenye neno "kukamatwa". Neno "badala" lilikuwa limepita chini ya macho yake kama daladala lisilosimama kituoni.

Kisha angalia hesabu za mafumbo. Wazazi wengi huja kwangu wakisema mtoto amekwama kwenye Hisabati, na tukichunguza tunakuta ni kusoma. Nilimpa binti yule hii: Mama Asha aliuza mafungu 12 ya nyanya. Aliuza mafungu 4 zaidi ya Mama Neema. Mama Neema aliuza mafungu mangapi? Akaandika 16. Aliona "zaidi", akajumlisha. Dakika kumi baadaye nilimwona akimrudishia mteja chenji ya elfu kumi kwa bidhaa tatu za bei tofauti, kichwani, bila kalamu. Akili yake ya hesabu ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni picha ya akina mama wawili na meza mbili, ambayo sentensi ile ilitakiwa kuichora na haikuichora.

Mwambie akusimulie. Hili ni jaribio bora kuliko yote na halina gharama. Usimwulize "umeelewa?", kwa maana atakujibu "ndiyo", na atakuwa mkweli kadiri anavyojua. Mwambie: nisimulie kama vile mimi sijasoma. Mwenye tatizo atakupa vipande, mwanzo na mwisho vimebadilishana, nani alimfanyia nani nini haijulikani, na mara nyingi sentensi ya mwisho aliyoisoma ataitamka neno kwa neno.

Halafu kuna hatua ambayo wazazi wengi huiruka. Msimulie wewe, kwa mdomo, hadithi ya ukubwa uleule, bila karatasi. Akielewa ya mdomo na kupotea kwenye ya karatasi, tatizo liko kwenye kusoma kwenyewe. Akipotea kwenye zote mbili, tatizo liko ndani zaidi, kwenye lugha. Na hapa Iringa tuna faida ya kuongeza hatua ya tatu: bibi. Kama nyumbani Kihehe, Kibena au Kikinga ndicho kinachozungumzwa, bibi na asimulie kwa lugha hiyo. Mtoto akicheka panapochekesha na kuuliza panapotisha, basi lugha anayo, ila Kiswahili cha vitabuni hajakizoea. Atahitaji kukisikia kwa wingi. Akipotea hata kwa lugha ya bibi, kuna haja ya kutazama ukuaji wa lugha yake tangu utotoni: alichelewa kusema? Ukimwagiza vitu vitatu dukani, hurudi na kimoja? Utafiti wa mwaka 2016 wa Courtenay Norbury na wenzake, Uingereza, ulikuta kwamba katika darasa la watoto 30 wanaoanza shule, wawili hivi wana tatizo la lugha la kiwango hicho, na hawa nao aghalabu huitwa wavivu au watukutu.

Masikio yake pia yachunguzwe, na mapema. Mtoto aliyetokwa na usaha masikioni mara kwa mara akiwa mdogo anaweza kuwa amepoteza maneno mengi katika miaka ile ya kuyaokota, hata kama sasa anasikia. Hili linafanyika hospitalini, lifanyike. Lakini usitegemee kwamba daktari atakuandikia dawa ya ufahamu. Mlango wenye kibao cha tatizo hili hautaukuta kwenye korido za hospitali zetu nyingi. Walimu wa elimu maalumu, wakiwemo wanaotoka Chuo cha Patandi mkoani Arusha, ndio walio karibu zaidi na jambo hili. Ukimpata mmoja katika shule ya jirani, nenda ukamwone hata kama mtoto wako hasomi hapo.

*

Nilimwandaa mama yule kwa mazungumzo na mwalimu wa darasa kwa uangalifu mkubwa kuliko jambo lingine lolote. Mzazi wa sokoni akienda shuleni na malalamiko, mara nyingi hurudi nayo. Akienda na karatasi, mambo hubadilika. Tulimwandikia ile hadithi ya matope pamoja na nyingine mbili za namna hiyo, maswali yenye majibu yaliyoandikwa upande mmoja na yenye majibu ya kuunganisha upande mwingine, majibu ya mtoto kama alivyoyatoa. Upande wa kwanza alikuwa amepata yote. Upande wa pili hakupata hata moja.

"Shikamoo, mwalimu," alianza mama, ingawa mwalimu alikuwa binti wa umri wa mdogo wake. Alinieleza baadaye kwamba aliona bora azidishe heshima kuliko kuipunguza. Hakusema mtoto ameonewa. Alisema: mwalimu, naomba unisaidie kuliona jambo hili. Yule mwalimu, mwenye darasa lililofurika, aliitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akasema kuna wengine wanne anaodhani wako hivyohivyo. Ombi la mama lilikuwa dogo na linawezekana: mtoto akae mbele, maswali ya jaribio asomewe mara moja kwa mdomo, na kabla ya kusoma somo jipya, mwalimu aseme kwa dakika mbili linahusu nini. Hayo yakafanyika, na yakawasaidia wale wanne pia.

Mzigo mwingine ulikuwa wa nyumbani, na hapa nina jambo ninalolishikilia kwa nguvu. Utafiti ninaourudia mara nyingi kuliko mwingine ulifanyika katika shule za York, Uingereza, ukachapishwa mwaka 2010 na Paula Clarke, Margaret Snowling na wenzao. Waliwachukua watoto wa miaka minane na tisa wenye tatizo hilihili, wakawagawa. Wengine walifundishwa mbinu za kusoma maandishi. Wengine hawakushika maandishi kabisa: walifundishwa lugha ya mdomo, yaani maana za maneno, mafumbo na misemo, kusimulia, kusikiliza na kuuliza. Wengine walipata mchanganyiko. Wiki ishirini. Makundi yote yalipiga hatua, lakini walipopimwa tena miezi kumi na moja baada ya mafunzo kwisha, waliokuwa wamesonga mbele zaidi katika kusoma kwa kuelewa ni wale wa mdomo. Ulimi na sikio ndivyo vilivyowafundisha kusoma.

Niliposoma matokeo hayo nilimkumbuka bibi yangu, na jioni zetu kando ya moto. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Tukahangaika, tukashindwa, tukampa mji, akaenda mji wake, akatufungulia: yai. Hebu fikiria kitendawili kinamfundisha mtoto nini. Kinamwambia kwamba maneno yaliyosemwa si yote. Kuna kitu nyuma yake, na ni kazi yako kukifikia kwa kuunganisha dalili. Ndilo swali la matope na mabuti. Wazee wetu walikuwa na somo la ufahamu kila usiku na hawakuliita hivyo. Sisi tumelibadilisha na tuisheni ya saa mbili ambayo mtoto ananakili maswali na majibu ubaoni na kuyakariri, hadi yeye mwenyewe anakaririshwa darasa.

Basi mezani pale Mlandege vitendawili vikarudi. Mama hakuwa na muda wa kukaa chini na kitabu, na sikumwomba awe nao. Nilimwomba aulize. Mteja amenunua vitunguu sado tatu, unadhani kwao kuna nini leo? Umejuaje? Wamachinga wa mitumba wameanza kufunika bidhaa na saa bado ni tisa, kwa nini? Umejuaje? Hilo "umejuaje" lilikuwa kazi yote. Wiki za kwanza binti alichukia. Alizoea maswali ambayo jibu lake linaonekana, na sasa kila kitu kilikuwa kitendawili. Kuna siku alilia, akasema mama ananitesa. Usikate tamaa hapo, lakini punguza; maswali mawili kwa siku yanatosha.

Kwenye kitabu tulisoma kidogo na kusimama sana. Annemarie Palincsar na Ann Brown walionyesha mwaka 1984 kwamba wanafunzi wanaotamka vizuri bila kuelewa husaidika wanapopokezana zamu ya kuwa mwalimu: kubashiri kinachofuata, kuuliza swali, kufafanua penye giza, kufupisha. Sisi tulikuwa wawili na hadithi fupi moja kwa juma. Aya moja mimi mwalimu, aya inayofuata yeye. Zamu yake alipenda kunikamata. Tulifanya pia kitu rahisi sana: baada ya kila aya alifumba macho na kunieleza anachokiona. Mwanzoni hakuona kitu. "Giza, mwalimu." Baada ya wiki ya nne au ya tano alianza kuona rangi za nguo ambazo mwandishi hakuzitaja, na nikajua picha zimeanza kujichora zenyewe.

Jambo moja zaidi, ambalo ni la kimya lakini zito. Mtu huelewa anachosoma kwa kukitundika kwenye anachokijua tayari. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya kisomo chenye manufaa iliyoshamiri katika muongo huo iliwafundisha wakulima kusoma kupitia mazao yao wenyewe, pamba kwa wa pamba, migomba kwa wa migomba. Mtu aliyeshika jembe miaka thelathini hakuhitaji kuelezwa palizi ni nini ili alielewe neno hilo kwenye ukurasa. Mtoto wa mjini anaposoma kuhusu bandari, reli au bunge na hajawahi kusimuliwa, anatundika wapi? Mpeleke, mwonyeshe, mhadithie. Maktaba ya Mkoa iko mjini. Ruaha Mdogo unapita pembeni ya mji. Jiwe la Gangilonga liko palepale juu, na jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea.

Mwezi Oktoba tulikwenda Kalenga: mimi, binti na mama yake, Jumapili, meza ikiwa imeachwa kwa shangazi. Ni safari fupi kutoka mjini. Katika jumba dogo la makumbusho pale limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani, likadaiwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na likarudishwa mwaka 1954. Binti alikuwa amebeba daftari lake la historia, kwa kuwa nilimwambia alibebe. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akafungua daftari, akaitafuta ile sentensi, akaisoma kimya, midomo ikicheza. Akaisoma tena.

"Mwalimu, hapa wanasema hakukubali kukamatwa. Alijipiga risasi kwanza."

"Ndiyo."

"Sasa kama hawakumkamata, kichwa walikipataje?"

Nikamwambia atazame daftarini. Kidole kilishuka mstari kwa mstari, kama jioni ile ya Juni, hadi chini ya ukurasa.

"Haijaandikwa," alisema. Akalifunga daftari, akaliweka kwapani, akaenda kumuuliza mzee aliyekuwa akituongoza.